Ankoro: kabla ya kuita watalii, tuandike majina

Kwa watu wa Ankoro, mwezi wa 11 haiko mwezi kama ingine. Mwaka 2002, kuanzia tarehe 10, askari wa FAC na Mai-Mai walipigana mule mule ndani ya cité, pale Luvua inapoingia mu Lualaba. Silaha nzito zilipiga raia. Kwa muda wa juma moja hivi, watu makumi waliuawa na maelfu ya nyumba ziliunguzwa. Mwaka 2004, mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi ilitupa shitaka la crimes contre l'humanité.

Inchi zingine zinafungulia wageni mahali pa namna hii. Pale Kigali, mémorial ya Gisozi ilifunguliwa mwaka 2004, na wafu zaidi ya 250.000 wamelazwa pale. Mwaka 2023, UNESCO iliandika Gisozi, Nyamata, Murambi na Bisesero ku liste yake. Wageni wanakuja, wanalala hoteli, wanakula, wanaacha makuta. Na Ankoro je?

Sisi tunasema inawezekana, lakini tufuate mpango. Kule walianza na kuzika wafu. Mama aliyepoteza mtoto hatafurahi kuona mgeni anapiga picha mahali ambapo jina la mtoto wake halijaandikwa. Kwanza majina, familia zenyewe zikisema. Kisha malalo ya heshima. Kisha nyumba ya ukumbusho, na vijana wa Ankoro wenyewe wakiongoza wageni. Mutalii anakuja wa mwisho.

Makuta itatoka wapi? Hapa ndugu wachimbaji mutusikilize vizuri. Kuko sheria ya tarehe 26 mwezi wa 12, 2022 juu ya wahanga wa vita, na kuko FONAREV, mfuko wa serikali wa kuwalipa. Ule mfuko unapewa 11% ya redevance minière. Ni kusema, feza yake inatoka ku madini, na Ankoro iko mu territoire ya Manono, yenye cassitérite, coltan na lithium. Kuuliza sehemu ya Ankoro haiko kuomba sadaka.

Lakini liste ya wafu haitaandikwa Kinshasa. Wengi wenu muko ku carrières, mbali na wazee wenye kukumbuka. Mukirudi nyumbani, mubebe kaye na biki: jina, umri, mahali alipozikwa. Wazee wanaondoka kila mwaka, na wanaondoka na majina.