Tabibu anapohama na maradhi yakabaki



Ndugu Waislamu, leo tunazungumzia jambo linalowasumbua kimyakimya wenye kisukari, shinikizo la damu na pumu: tabibu aliyewajua kapata uhamisho, nayo maradhi yamebaki palepale.

Tumchukue mkazi wa Nsemulwa, mjini Mpanda. Kabla Mkoa wa Katavi haujaundwa mwaka 2012, Mpanda ilikuwa wilaya ya Rukwa, na hospitali ya mkoa ilikuwa Sumbawanga. Leo hospitali ya rufaa ya mkoa ipo Mpanda penyewe, neema ya kushukuriwa. Lakini ukaribu wa jengo si ukaribu wa tabibu. Watumishi wa afya huhamishwa, huenda masomoni, hustaafu. Mgonjwa hufika kliniki akakuta sura ngeni, akatakiwa aeleze upya habari za miaka kumi kwa dakika chache, akarudi nyumbani ameudhika. Wapo wanaoapa kungoja mpaka wampate anayewaelewa, huku vidonge vinakwisha. Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili, basi aliyeacha dawa hujiona mzima mpaka siku kiharusi kinapompiga. Na mwenye kisukari anayetegemea insulini, akiikatisha, siku chache tu zaweza kumfikisha kaburini.

Kungoja huko wengine hukuita tawakuli. Sivyo. Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba Saad bin Abi Waqqas (R.A.) alipougua, Mtume (S.A.W.) alimzuru, kisha akamwelekeza kwa al-Harith bin Kalada wa Thaqif, kwa kuwa alijulikana kwa utabibu. Na Imam Malik katika Muwatta amepokea kwamba mtu alipojeruhiwa wakaitwa watu wawili, Mtume (S.A.W.) akawauliza ni yupi kati yao aliye mjuzi zaidi wa tiba. Basi kuchagua tabibu kwa kuuliza ujuzi wake ni katika mwendo wa Mtume wetu, wala si utovu wa adabu.

Abu Dawud amepokea pia kwamba anayetibu bila kujulikana kuwa tabibu hubeba dhamana ya madhara yake. Katika nchi yetu madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Muuza chupa za dawa stendi hana wa kumuuliza. Tukumbuke mwaka 2011, umati ulipomiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe. Wapo walioacha vidonge vyao baada ya safari ile, na gharama yake waliilipa wao na watoto wao.

Na tabibu mpya tusimdai ayajue ya ghaibu. Mgonjwa aende na daftari lake au kadi ya kliniki, na maboksi ya dawa zote anazotumia, hata kama yamebaki matupu. Aseme ni dawa gani iliwahi kumdhuru. Aseme pia mitishamba anayokunywa, ingawa anaona haya, maana ipo inayogongana na dawa za hospitali. Mwenye kisukari aulize lini atapimwa macho, figo na miguu, vipimo vinavyotakiwa walau mara moja kwa mwaka. Jibu la swali hilo litamwonyesha kama anasikilizwa. Asiposikilizwa, ana haki ya kuomba kwa upole aonwe na mwingine, lakini aendelee na dawa zake wakati huohuo. Kwa maoni yetu ziara moja haitoshi kumhukumu tabibu. Mbili au tatu ndizo za haki.

Jambo hili huwa zito zaidi Ramadhani inapokaribia. Mwenyezi Mungu amemruhusu mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine, kama ilivyo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Lakini nani anaweza kufunga kwa usalama, na dozi ya insulini ibadilishwe vipi kati ya daku na futari, hayo ni ya tabibu anayeijua hali ya mgonjwa. Wataalamu hushauri aonwe wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama. Aliyepoteza tabibu wake aanze kumtafuta mwingine tangu Rajabu, ili Shaabani imkute ameshapimwa.