Ukingo Mlangoni: Fizikia na Utamaduni wa Kuruka katika Matatu za Kibera na Kawangware

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Katika majumba ya kale ya mwambao, sakafu ya juu ilikuwa tambarare, na aliyekimbia juu yake hatimaye alifika mahali ambapo jiwe hukoma na hewa huanza. Jijini Nairobi, ukingo wa namna hiyo hauhitaji jumba. Hupatikana kila asubuhi katika mlango wa matatu nambari 46 inapoondoka Kawangware, na katika mlango wa nambari 8 inapoondoka Kibera. Gari limekwisha kushika mwendo, mlango uko wazi, na kijana mmoja ananing'inia nje, mguu mmoja kidatoni na mwingine hewani. Akiona abiria mbele huachilia mkono, hugusa lami, hukimbia hatua nne au tano, kisha husimama wima na kuanza kuita. Tendo lote halichukui hata dakika moja ya umri wake, lakini laweza kuuchukua umri wote.

Wengi hulitazama tendo hili kama utundu wa makanga. Makala haya yanakusudia kulieleza kwa namna mbili: kama tukio la kifizikia lenye kanuni zake, na kama desturi ya kazi yenye mafunzo, heshima na misiba yake. Ili lieleweke vyema, litalinganishwa na mruko mwingine unaojulikana duniani, ule wa watu wanaojitupa kutoka majabalini wakiwa wamevaa mavazi yenye mabawa.

Chura na ndege

Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa matendo mawili. Chura huruka, na ndege huruka. Wa kwanza hupanda na kushuka kwa nguvu za miguu yake. Wa pili huegemea hewa. Warukaji wa majabalini huanza kama chura na kumalizia kama ndege. Mchezo wao huitwa BASE, jina lililoundwa kwa herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yanayotaja mahali wanaporukia: majengo, milingoti, madaraja na ardhi, yaani majabali. Mmoja wa waasisi wake, Mmarekani Carl Boenish, alifariki mwaka 1984 akiruka nchini Norway. Vazi la mabawa la kisasa liliendelezwa na Mfaransa Patrick de Gayardon katika miaka ya 1990. Naye alifariki mwaka 1998 katika mruko huko Hawaii.

Mruko wa aina hiyo umekwisha kufanyika Afrika Mashariki pia. Mwaka 2015, Mrusi Valery Rozov alijitupa kutoka ukuta wa mwamba wa Mlima Kilimanjaro, mahali palipo zaidi ya mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, akateleza hewani kwa vazi lake na kutua salama kwa mwavuli. Miaka miwili baadaye, Novemba 2017, alifariki katika mruko mwingine nchini Nepal.

Namna vazi hilo linavyofanya kazi si muujiza. Mtu anayeanguka kifudifudi bila vazi huongeza kasi hadi ukinzani wa hewa ulingane na uzito wake. Hapo kasi haizidi tena, nayo huwa takriban kilomita 200 kwa saa. Kitambaa kilichotandazwa kati ya mikono na mbavu, na kati ya miguu miwili, huongeza eneo linalokutana na hewa na kuigeuza sehemu ya anguko kuwa mwendo wa kwenda mbele. Kwa kila mita moja anayoshuka, mrukaji stadi aweza kusonga mbele mita mbili hadi tatu. Mwishowe hufungua mwavuli, na hewa ile ile humpunguzia kasi kidogo kidogo hadi miguu iguse nchi.

Siri iko katika hayo maneno, kidogo kidogo. Mwili wa binadamu hauumizwi na kasi. Huumizwa na kasi inayokoma ghafla.

Jabali linalorefushwa na mguu wa dereva

Kanuni hiyo ndiyo inayomhusu makanga. Aningn'iniapo mlangoni, mwili wake una kasi ile ile ya gari. Anapoachilia mkono, gari humwacha lakini kasi haimwachi, kwa kuwa, kama ilivyo katika kanuni ya kwanza ya Newton, kila kitu hushikilia hali kiliyomo mpaka kani nyingine ikibadilishe. Kasi hiyo ni nishati, na nishati hiyo yaweza kulinganishwa na ile ambayo mtu angeipata kwa kuanguka kutoka kimo fulani.

Hesabu yake ni nyepesi: kasi huzidishwa kwa yenyewe, kisha hugawanywa kwa mchapuko wa graviti mara mbili. Gari likienda kilomita 10 kwa saa, kimo kinachopatikana ni kama sentimita 40, yaani kimo cha kigoda. Likienda kilomita 20, kimo ni mita 1.6, karibu na kimo cha mtu. Kwa kilomita 40 kimo hufika mita 6.3, sawa na kuruka kutoka paa la nyumba ya ghorofa mbili. Kwa kilomita 80 ni mita 25, yaani jengo la ghorofa nane. Ikumbukwe kwamba kasi ikiongezeka mara mbili, kimo huongezeka mara nne.

Kwa hiyo mlango wa matatu ni jabali, ila ni jabali la ajabu. Mrukaji wa Kilimanjaro huupima mwamba wake, huangalia upepo, na mwamba hausogei anapofikiri. Jabali la makanga hurefuka na kufupika chini ya mguu wa dereva, na anayeruka hana kipimo cha kasi mbele yake. Ana sikio lake, linalosikiliza ngurumo ya injini, na jicho lake, linalotazama lami inavyopita.

Hatua za mbio kama mwavuli

Inakuwaje basi kwamba maelfu ya miruko humalizika salama? Jibu ni kwamba makanga ana mwavuli wake: miguu. Chukua mfano wa kijana anayeruka gari likiwa na kasi ya kilomita 20 kwa saa. Akitaka kusimama papo hapo, ndani ya nusu mita, itahitajika kani ya kumrudisha nyuma inayokaribia mara tatu ya uzito wake. Msuguano wa kiatu na lami hauwezi kutoa kani kubwa namna hiyo. Miguu itabaki na kiwiliwili kitaendelea, naye ataanguka kwa uso. Lakini akikimbia mita tano kabla ya kusimama, kani inayohitajika hushuka hadi theluthi ya uzito wake, na hiyo lami kavu huweza kuitoa. Zile hatua tano zinazoonekana kama mbwembwe ndizo zinazomwokoa.

Mambo mengine matatu hufuata. Kwanza, hutua akitazama upande gari linakokwenda, kwa sababu binadamu hakimbii kinyumenyume. Pili, huegemea nyuma kidogo anapogusa chini, ili kitovu cha uzito wake kisitangulie miguu. Tatu, stadi haachilii mkono mapema. Hugusa lami kwanza na kukimbia sambamba na gari akiwa bado ameshika chuma, ndipo ajitenge. Hakuna aliyemwandikia kanuni hizi ubaoni. Amezisoma kwa mwili.

Hata hivyo elimu ya mwili ina mpaka. Mnamo Septemba 2021, uwanjani Kasarani, Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77. Wastani wa kasi yake ulikuwa takriban kilomita 37 kwa saa, akiwa na viatu vyenye misumari, njia yake peke yake na miaka ya mazoezi. Matatu iliyofikisha kilomita 40 kwa saa imeupita wastani huo. Anayeiruka akiwa amevaa ndala, mkononi ameshika noti za nauli, anadai miguu yake ifanye lisilowezekana. Mvua ikinyesha, mpaka husogea karibu zaidi, kwani matope hupunguza msuguano, na mtaro ulio wazi kando ya barabara huikata njia ya zile hatua tano.

Hatari nyingine iko katika kuning'inia kwenyewe. Nchini Kenya magari hupita kushoto, na mlango wa abiria uko kushoto. Kwenye raundabauti gari huzunguka kwa kupinda kulia, na miili yote iliyomo hutaka kuendelea moja kwa moja, yaani kuelekea kushoto, mlangoni. Abiria aliyeketi huzuiliwa na ubavu wa gari. Makanga huzuiliwa na vidole vyake. Kwa kasi ya kilomita 30 kwa saa katika duara lenye nusukipenyo cha mita 20, vidole hivyo hubeba mvuto wa karibu theluthi ya uzito wake. Kwa mtu wa kilo 70, ni kama kushika ndoo ya lita 20 na zaidi inayomvuta nje.

Mafunzo, heshima na majina

Tamaduni hizi mbili zinafanana kuliko inavyodhaniwa. Kila moja ina msamiati wake, wakongwe wake na wanagenzi wake. Warukaji wa majabalini humpa nambari maalumu aliyeruka kutoka aina zote nne za mahali, na huwahimiza wanaoanza waruke kwanza kutoka ndege kama mara 200 kabla ya kuukaribia mwamba. Makanga naye huanza chini: huita abiria kituoni, hushika mlango kwa safari moja mwenye kazi anapokula, na siku moja huachiwa gari. Katika Kibera, shule yaweza kuanza mapema zaidi. Reli iliyofika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901 hupita katikati ya mtaa huo, na vizazi vimekua vikiwaona watu wakidandia mabehewa na kuyashuka kabla hayajasimama. Anayeruka bila kuyumba husifiwa. Anayesubiri gari lisimame huchekwa.

Tofauti ziko mahali pengine. Mrukaji wa jabali anaweza kuahirisha. Upepo ukiwa mbaya, hurudi nyumbani. Makanga akiahirisha, abiria huchukuliwa na gari la nyuma, na jioni mwenye matatu hutaka fedha zake zikiwa kamili. Mahali pake pa kukaa ni kiti ambacho abiria angelipia, hivyo kila mara nauli inapohitajika, mahali pake huwa mlangoni. Mmoja hulipa ili aruke. Mwingine huruka ili alipwe.

Tofauti ya pili ni ya kumbukumbu. Warukaji wa BASE hutunza orodha ya wenzao waliofariki tangu mwaka 1981, ambayo imepita majina 400, pamoja na maelezo ya kilichotokea, ili aliyebaki ajifunze kutokana na aliyetangulia. Takwimu za ajali za barabarani nchini Kenya kwa kawaida huwagawa wahanga katika makundi ya waendao kwa miguu, madereva, abiria, waendesha pikipiki na abiria wao, na waendesha baiskeli. Kondakta hana kundi lake. Akifa akiwa na mguu kidatoni, huhesabiwa pamoja na wengine, na kosa lililomuua halimfundishi mrithi wake, ambaye mara nyingi hushika mlango huo huo kesho yake.

Sheria nayo haikunyamaza. Kanuni zilizotangazwa mwaka 2003 na John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, na kuanza kutekelezwa Februari 2004, zilileta vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda katika kila kiti, idadi maalumu ya abiria na sare za wahudumu. Kwa lugha ya makala haya, kidhibiti mwendo kiliwekea jabali kimo cha juu kabisa, mita 25. Hakikulibomoa.

Abiria nao huruka

Kisa hiki hakiishii kwa makanga. Gari lisilosimama kabisa humlazimisha kila mtu kuwa mrukaji: mama mwenye kikapu kutoka soko la Toi, mwanafunzi mwenye mkoba mgongoni, mzee mwenye goti bovu. Makanga huwahimiza washuke upesi, naye kwa mazoea yake haoni hatari, kwa kuwa kilomita 10 kwa saa kwake ni kigoda tu. Lakini kigoda cha kijana ni ukuta kwa ajuza. Anayelazimika kushuka hivyo heri atazame mbele, atangulize mguu wa kushoto, mkono ubaki umeshika chuma, na awe tayari kupiga hatua kadhaa. Walio wengi hushuka wakiutazama mlango, kama washukao ngazi, na hao ndio huangushwa.

Hitimisho

Imeonekana kwamba makanga wa Kibera na Kawangware ana ujuzi wa kweli, na kwamba ujuzi huo unafuata kanuni zile zile zinazomtawala mrukaji wa Kilimanjaro. Wote wawili hutafuta njia ya kuikomesha kasi pole pole. Tofauti ni kwamba mmoja amepewa bonde zima la hewa, na mwingine amepewa mita tano za lami, kama mvua haijanyesha na kama hakuna mtaro.

Kumdharau makanga kwa hiyo ni kutojua anachokifanya, na kumsifu kwa ushujaa ni kusahau kwa nini anakifanya. Fizikia imekwisha kuonyesha dawa, nayo haihitaji mwavuli wala mabawa. Mwendo ukiwa sufuri, kimo nacho ni sufuri. Gari likisimama kituoni kwa muda wa kutosha mtu kushuka na mwingine kupanda, jabali lote hutoweka, na yule kijana hushuka kwa hatua moja kama mtu anayetoka nyumbani kwake. Sekunde hizo chache zina bei, na hadi leo anayeilipa ni yeye peke yake. Zikigawanywa kati ya mwenye gari, dereva na abiria wenye haraka, kila mmoja atatoa kidogo sana, na sakafu haitakuwa na ukingo.