Pakiti ya sigara yavuliwa rangi: wenye hisa na wenye maduka watazame wapi

Mwenye hisa chache za kampuni ya sigara, awe Nairobi au Dar es Salaam, amezoea kufuatilia mambo matatu: ushuru wa bidhaa unaosomwa katika bajeti ya Juni, sigara za magendo zinazovuka mpaka, na bei ya tumbaku. Jambo la nne hutajwa kwa mistari michache tu katika taarifa za mwaka, nalo ni sura ya pakiti yenyewe. Tangu 2012 serikali za nchi kadhaa zimekuwa zikiinyang'anya pakiti rangi na mapambo yake, kwa lengo linalotajwa waziwazi: vijana wanaovuta waache, na wale ambao hawajaanza wasianze. Wiki hii tunaeleza jinsi hatua hiyo inavyofanya kazi, ilileta nini kule ilikoanzia, na kwa nini katika soko letu hesabu yake ni nyingine.

Kwanza tuitazame pakiti kama mali. Kinachomfanya mvutaji alipe zaidi kwa sigara hii kuliko ile si majani ya tumbaku peke yake, bali jina na sura aliyoizoea. Matangazo ya redio, televisheni, mabango na udhamini wa michezo yakipigwa marufuku, kama Kenya ilivyofanya kwa sheria yake ya 2007, pakiti hubaki kuwa tangazo la mwisho ambalo kampuni inalo. Na si tangazo dogo. Anayevuta pakiti moja kwa siku huitoa mfukoni mara 20, huiweka mezani mbele ya wenzake, huisahau juu ya kaunta ya baa. Ni mchuuzi asiyedai mshahara. Kwa kijana, pakiti hufanya kazi ile ile ya saa ya mkononi au viatu vya mtindo: humwonyesha mwenzake yeye ni mtu wa namna gani.

Nchi ya kwanza kuliondoa tangazo hilo ilikuwa Australia. Sheria ilipitishwa mwaka 2011. Kuanzia Oktoba 1, 2012 viwanda vilikatazwa kutengeneza pakiti za zamani kwa soko la huko, na kuanzia Desemba 1 mwaka huo hakuna duka lililoruhusiwa kuziuza. Pakiti zote, za bei ya juu na za bei ya chini, zikawa za rangi moja ya kahawia kama tope, isiyong'aa. Maonyo na picha za magonjwa yakachukua asilimia 75 ya uso wa mbele na asilimia 90 ya uso wa nyuma. Jina la chapa liliachwa, lakini kwa herufi za aina moja, mahali pamoja, kwa kila kampuni.

Rangi hiyo haikuokotwa. Serikali iliwapa kazi watafiti wa masoko, watu wale wale ambao kwa kawaida huajiriwa kutafuta rangi ya kumvuta mteja, wakaambiwa safari hii watafute ya kumchukiza. Mwanzoni iliitwa kijani cha zeituni, na wakulima wa zeituni wa Australia wakalalamika kuwa zao lao linapakwa matope bila kosa. Ndipo ikaanza kuitwa kahawia.

Hatua hii humgusa kijana kwa njia ambazo mfanyabiashara yeyote anazielewa, kwani ni elimu ya kuuza iliyogeuzwa kichwa chini. Pakiti haimpi tena sifa mbele ya wenzake. Wengine huona haya kuitoa. Onyo nalo, lisiposhindana na dhahabu na wekundu wa chapa, husomwa. Tena zile rangi nyeupe, za fedha na za samawati, ambazo wavutaji wengi walizichukulia kuwa dalili ya sigara "nyepesi" isiyodhuru sana, haziwadanganyi tena, maana hazipo.

Je, ilifaa? Takwimu za serikali ya Australia zilizotolewa 2016 zilionyesha kuwa kati ya watu wenye umri wa miaka 14 na zaidi, wavutaji walipungua kutoka asilimia 19.4 hadi 17.2 walipolinganisha miezi 34 kabla ya sheria na miezi 34 baada yake. Katika pengo hilo la 2.2, pakiti mpya pamoja na maonyo yaliyopanuliwa zilihesabiwa kuleta 0.55, yaani robo. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni kazi ya kodi na hatua nyingine. Katika jimbo la New South Wales simu za kuomba msaada wa kuacha sigara ziliongezeka kwa asilimia 78 pakiti hizo zilipoanza kuingia madukani. Mwekezaji asome takwimu hizi kwa utulivu. Robo ya upungufu si gharika inayosomba kampuni kwa mwaka mmoja. Lakini wanaopungua ni wateja wa kesho, na kampuni ya sigara isiyopata vijana ni kama shamba lisilopandwa miche mipya: mavuno ya mwaka huu huwa mazuri tu.

Kampuni nazo hazikukaa kimya. Chapa zilibadilishwa majina ili rangi iliyofutwa kwenye karatasi irudi kwa maneno. Kuna iliyoongeza sigara ya 21 ndani ya pakiti na kuitangaza kama ya bure. Sigara zenye kidonge cha ladha ndani ya kichungi, ambacho mvutaji hukibonyeza kikapasuka, zikazidi kupata wanunuzi, hasa vijana. Bei nazo ziligawanyika. Pakiti zinapofanana, mteja huuliza kwa nini alipe zaidi, na wengi wakashuka kwenye chapa za chini. Hapa ndipo penye uzito kwa mwenye hisa: pakiti isiyo na mapambo huiumiza zaidi kampuni inayopata faida yake kwenye chapa za juu kuliko ile inayouza sigara rahisi kwa wingi.

Kampuni zilikwenda pia mahakamani, zikidai kuwa nembo ni mali na serikali imeichukua bila fidia. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Australia ilizikatalia kwa majaji sita dhidi ya mmoja. Ilisema serikali imezuia matumizi ya nembo lakini haikupata mali yoyote kwa kuzuia huko, kwa hiyo hakuna cha kulipa. Msomaji aangalie walioshindwa siku ile. Mmoja alikuwa kampuni ya kundi la Japan Tobacco, lenye asilimia 75 ya Tanzania Cigarette; mwingine alikuwa wa kundi la British American Tobacco, lenye asilimia 60 ya BAT Kenya. Philip Morris ikajaribu mlango wa mkataba wa uwekezaji kati ya Hong Kong na Australia. Desemba 2015 wasuluhishi waliukataa kwa sababu kampuni ilikuwa imehamishia hisa zake Hong Kong wakati mgogoro ukionekana unakuja. Malalamiko ya Cuba, Honduras, Jamhuri ya Dominika na Indonesia katika Shirika la Biashara Duniani yalishindwa 2018, na rufaa ya mwisho ikaanguka Juni 2020. Baada ya hapo hoja ya kwamba "hawataweza kisheria" haina mashiko tena. Uingereza na Ufaransa zilikwisha kufuata, na mwaka 2023 Mauritius ikawa ya kwanza Afrika.

Kwetu bado ni hatua ya picha na maneno. Kenya iliweka picha kwenye pakiti mwaka 2016 kwa kanuni za 2014, asilimia 30 mbele na 50 nyuma. BAT Kenya ilizipinga kanuni hizo hadi Mahakama ya Juu, ikashindwa Novemba 2019. Katika kanuni hizo hizo yumo mdudu ambaye mwenye hisa angemwogopa kuliko picha: mchango wa asilimia 2 ya thamani ya bidhaa kila mwaka kwa mfuko wa kudhibiti tumbaku. Uganda ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ya 2015 inataka asilimia 65 ya pakiti iwe onyo, na sigara za BAT zinazouzwa huko hutengenezwa Nairobi, kwa hiyo kiwanda kimoja kinachapa pakiti za sura tofauti kwa kila mpaka. Gharama hiyo huingia kwenye hesabu za mwaka, ingawa haitajwi kwa jina.

Pamoja na hayo yote, BAT Kenya ililipa gawio la shilingi 57 za Kenya kwa hisa kwa mwaka 2022 na shilingi 50 kwa 2023. Picha hazikuiangusha. Kwa nini?

Jibu liko barabarani. Simama Kariakoo au River Road jioni umtazame kijana anavyonunua. Hanunui pakiti. Anamwita yule mwenye boksi la pipi, karanga na sigara anayepita akichezesha sarafu mkononi, anatoa sarafu, anapokea sigara moja, anawashiwa kwa kiberiti cha muuzaji mwenyewe na kuondoka. Pakiti hakuishika. Huenda hata hakuiona. Picha ile mbaya, iliyopiganiwa miaka minne mahakamani, imebaki mkononi mwa mchuuzi, ambaye huitazama kutwa nzima na pengine hata havuti.

Tofauti na Australia ndiyo hiyo. Kule pakiti huuzwa nzima, na Uingereza ilipoondoa mapambo ilifuta pia pakiti ya sigara 10, ambayo ndiyo iliyoenea mfuko wa kijana. Sheria ya Kenya ya 2007 nayo inakataza kuuza sigara nje ya pakiti isiyofunguliwa, yenye sigara zisizopungua 10. Sheria ipo, mchuuzi naye yupo. Faida yake ni kwenye ile tofauti ya kununua pakiti na kuuza moja moja, na wateja wake wakubwa ni wale wasio na fedha ya pakiti nzima, yaani vijana. Anayetafuta sababu ya mauzo kutotikisika aanzie hapo.

Lakini mchezo huu nao umepata jibu. Tangu Agosti 1, 2023 Canada, iliyokuwa ya kwanza kuweka picha kwenye pakiti mwaka 2001, ilianza kulazimisha onyo lichapwe juu ya kila sigara, karibu na kichungi, kwa aina moja baada ya nyingine hadi 2025. Moja ya maonyo hayo husema kuna sumu katika kila pafu. Australia ilifuata kwa sheria mpya iliyoanza Aprili 2024, ikapiga marufuku na vile vidonge vya ladha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stirling, Scotland, walikwisha kuwaonyesha wavutaji sigara za namna hii. Vijana walisema tatizo ni kwamba onyo haliishii kwenye pakiti: liko mdomoni, na mwenzako anayekuangalia analisoma. Canada huweka pia karatasi ndogo ndani ya pakiti yenye ushauri wa namna ya kuacha. Karatasi hiyo ni nzuri kwa mwenye pakiti. Kwa mnunuzi wa moja moja haina kazi. Onyo juu ya sigara yenyewe ndilo linalomfikia kijana wa Kariakoo, na halihitaji askari wa kumfukuza mchuuzi.

Kwa hiyo mwenye hisa asishtuke sana akisikia picha zitakuzwa. Habari ya kumfanya apige simu kwa dalali wake ni rasimu yoyote inayotaja onyo juu ya sigara moja moja, au dalili kwamba katazo la kuuza moja moja linaanza kusimamiwa kweli. Aangalie pia kampuni yake inakimbilia wapi. Vifuko vya nikotini viliingia Kenya mwaka 2019 katika vikopo vya rangi za kupendeza, na mwaka uliofuata Wizara ya Afya ikatangaza kuwa vimesajiliwa kinyume cha sheria. Australia, vijana wa miaka 18 hadi 24 wanaovuta sigara za kielektroniki walipanda kutoka asilimia 5.3 mwaka 2019 hadi 21 mwaka 2022 na 2023. Rangi iliyofukuzwa kwenye pakiti ilijitafutia makao mengine.

Mwenye duka la jumla ana hofu yake tofauti, nayo ni tarehe. Australia ilitoa miezi miwili tu kati ya kiwanda kuacha pakiti za zamani na duka kukatazwa kuziuza. Uingereza ilitoa mwaka mzima, kuanzia Mei 20, 2016 hadi Mei 20, 2017. Siku ya mwisho ikipita, katoni zilizobaki stoo huwa kosa la jinai na hasara kwa pamoja. Anayechukua mzigo mkubwa kutoka kwa msambazaji atake iandikwe kwenye makubaliano kwamba pakiti zitakazopitwa na sheria zitarudishwa na fedha yake irudi. Nchi yake ikitangaza mabadiliko, apunguze oda mapema, aanze na chapa zinazotoka polepole, maana zile za haraka zitajimaliza zenyewe.