Windows 10 imeisha muda, kompyuta ya nyumbani ifanyweje? Kabla hujapiga Windows, soma hapa kwanza

Nilipotea kidogo, tuvumiliane. Leo sina siasa wala mpira, leo ni kompyuta.

Juzi nikiwa kafe hapa Mbagala, jamaa wa mashine ya pembeni akanigeukia: "Oya, kompyuta yetu ya nyumbani inaleta maandishi kuwa Windows 10 imeisha. Ndo inakufa au?" Huyo ni wa tatu ndani ya wiki mbili. Nikaona badala ya kumjibu kila mtu peke yake, bora niandike mara moja, mwenye swali aulize kwenye maoni hapo chini.

Nisidanganye mtu, mimi si injinia. Nimemaliza form four, na kompyuta nimejifunzia kwa kuharibu. Kuna siku niliharibu mpaka ikaniuma, ndo maana naanza na hiyo.

NILIVYOCHEMSHA 2023

Nyumbani tuna kompyuta moja ya mezani, ya mtumba. Mama ni katibu wa kikoba cha akina mama 22 wa hapa mtaani, na mahesabu yote alikuwa anaweka kwenye Excel: nani kanunua hisa ngapi, nani kakopa, nani anadaiwa riba. Faili lilikuwa pale pale Desktop, limeandikwa KIKOBA MPYA.

Mashine ilikuwa nzito ile mbaya. Mimi nikajifanya fundi, nikaazima flashi, nikapiga Windows upya. Nilijua diski imegawanywa C na D, na picha zetu ziko D, kwa hiyo nikafomati C bila wasiwasi. Kumbe vitu vya Desktop, Documents na Downloads kwa kawaida vinakaa ndani ya C! Duh.

Mama akarudi jioni, akawasha, akatafuta. Akaniuliza kwa upole tu: "Mwanangu, kitabu changu kiko wapi?" Sikuwa na jibu.

Jumamosi 3 mfululizo wale akina mama walikaa sebuleni kwetu na vitabu vyao vya hisa, tukajaza upya mstari kwa mstari. Mwishoni hesabu za wawili hazikukubaliana na fedha iliyokuwa kwenye sanduku. Pengo shilingi 84,000. Mama alilipa mfukoni mwake na hakunisema hata neno moja. Bora angenichapa.

Sasa tuendelee.

"IMEISHA" MAANA YAKE NINI?

Windows ni mfumo endeshi, yaani ile programu kubwa inayoziendesha programu nyingine zote na kuziunganisha na kibodi, kioo, printa na kadhalika. Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wakaacha kuihudumia kwa utaratibu wa kawaida.

Kompyuta yako haizimiki kwa sababu hiyo. Excel itafunguka, muziki utapiga. Kilichokatika ni viraka vya usalama. Kila mwezi walikuwa wanaziba matundu ambayo wezi wanaweza kupitia. Tundu likigundulika leo kwenye Windows 10 ya kawaida, hakuna wa kuliziba.

Nani anakumbuka WannaCry? Mei 2017 kirusi hicho kilifunga mafaili ya watu nchi nyingi na kudai malipo, hadi hospitali za Uingereza zikakwama. Tundu kilichopitia lilikuwa limeshatolewa kiraka tangu Machi 2017. Waliopata kasheshe ni wale ambao mashine zao hazikuwa na kile kiraka. Kwa hiyo usikimbie kama nyumba inaungua, lakini usikae miaka bila kufanya kitu.

KUPANDISHA NA KUPIGA UPYA NI VITU VIWILI

Hapa ndipo wengi tunaingia mkenge.

Kupandisha ni kutoka Windows 10 kwenda 11 juu kwa juu, ukiwa ndani ya Windows yako. Ukichagua kubaki na mafaili na programu, vyote vinabaki.

Kupiga upya ni kuwasha mashine kwa flashi, kufomati C na kuanza sifuri. Kilichokuwa C kinaondoka.

Ukimpelekea fundi mashine ukamwambia tu "nipigie Windows 11", mara nyingi atapiga upya, kwake ndiyo kazi rahisi. Mwambie wazi unataka ipi. Hata kama ni kupandisha, nakili mafaili yako kwanza, kwa sababu mambo huharibika katikati.

JE, MASHINE YAKO INAKUBALI WINDOWS 11?

Windows 11 ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021 na masharti yaliyoziacha nje kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima. RAM angalau GB 4, diski angalau GB 64, hayo si tabu. Tabu ni haya mawili.

La kwanza ni prosesa. Kwa Intel Core, kwa ujumla inatakiwa kizazi cha 8 kwenda juu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, bonyeza Enter. Tafuta mstari wa Processor uangalie namba baada ya kistari. i5-4590 inaanza na 4, hicho ni kizazi cha 4, imekataliwa. i5-8250U inaanza na 8, hiyo inaingia. i7-10510U ni kizazi cha 10, safi. Kwa AMD, kwa kawaida ni Ryzen za namba 2000 kwenda mbele. Microsoft wana orodha kamili kwenye tovuti yao, pia wana programu ya bure inaitwa PC Health Check inayokwambia ndiyo au hapana.

La pili ni TPM 2.0. Hiki ni kifaa kidogo cha kutunza funguo za siri za mashine, ama kijichipu chenyewe ama kimejengwa ndani ya prosesa. Bonyeza tena Windows na R, andika tpm.msc, utasoma kama kipo na ni toleo gani. Wengi wanaambiwa "mashine yako haifai" kumbe prosesa inafaa, ila TPM imezimwa kwenye BIOS. Kwenye Intel inaandikwa PTT, kwenye AMD inaandikwa fTPM. Unaiwasha, mchezo umeisha.

Tahadhari mbili kabla hujagusa BIOS:

1. Kama diski yako imefungwa na BitLocker, ukibadilisha mambo huko mashine inaweza kudai ufunguo wenye tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kwenye mashine. Uutafute na uuandike kwenye karatasi KABLA, siyo baada.

2. Kwenye msinfo32 angalia BIOS Mode. Kama imeandikwa Legacy, usiende kuigeuza kuwa UEFI kienyeji, Windows haitawaka. Mpangilio wa diski lazima ubadilishwe kwanza, na Windows ina programu yake ya kazi hiyo inaitwa mbr2gpt. Kama huielewi, hapo mlipe fundi.

IKIKATALIWA, NJIA ZIPO

Njia ya 1: mwaka wa nyongeza. Microsoft walifungua mpango wa viraka vya Windows 10 kwa watu wa majumbani, unaofika tarehe 13 Oktoba 2026. Mashine iwe na toleo la 22H2. Unaingia Settings, Update & Security, Windows Update, unatafuta neno Enroll. Ni bure ukikubali mipangilio yako itunzwe kwenye akaunti ya Microsoft, au unalipa dola 30. Huo ni muda wa kujipanga tu, ukiisha unarudi pale pale.

Njia ya 2: Linux Mint. Ni mfumo endeshi mwingine kabisa, wa bure, na unaenda vizuri kwenye mashine za zamani zenye RAM ya GB 4. Uzuri wake, unaweza kuuwasha kutoka kwenye flashi na kuuzungukia bila kugusa diski yako. Una LibreOffice, inafungua mafaili ya Excel na Word. Ubaya: programu nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya Windows haziingii. Jaribu kwanza zile unazotumia kweli.

Njia ya 3: kuilazimisha Windows 11 iingie. Zipo mbinu za kuruka masharti, najua mtaniuliza. Inawezekana kwa baadhi ya mashine, lakini Microsoft wameshasema mashine isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupata apdeti. Na zile za zamani sana kama Core 2 Duo, Windows 11 ya kuanzia toleo la 24H2 haiwaki kabisa. Kwa mashine inayotunza hesabu za watu, mimi singefanya.

MASWALI MNAYONIULIZA

Nalipia? Kama Windows 10 yako ni halali na imeshaamilishwa, kupanda kwenda 11 ni bure. Anayekudai hela "ya Windows" kwa mashine kama hiyo, muulize vizuri, labda anadai ya ufundi wake.

Na ile ya kuchakachua? Zile programu za kuchakachua nyingi zinakuambia uzime kwanza antivirusi. Jiulize kwa nini. Unazima mlinzi ndo mgeni aingie!

Bando kiasi gani? Faili la Windows 11 linazidi GB 5. Bora ulipakue kafe kwenye intaneti ya waya kuliko kumaliza bando la simu. Beba flashi ya GB 8 au zaidi, isiyo na vitu vyako, maana itafutwa. Pakua kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, siyo kwenye link ya kutumiwa. Na nyumbani ukitumia intaneti ya simu, washa Metered connection ili mashine isijipakulie apdeti kubwa yenyewe.

Umeme ukikatika katikati? Windows inajitahidi kurudi ilipokuwa, lakini usiitegemee. Laptop iwe imejaa chaji na imechomekwa. Ya mezani itafutie UPS hata ya kuazima. Angalia na LUKU kabla hujaanza, usije ukaishiwa uniti asilimia 60.

Printa itakubali? Ingia tovuti ya kampuni iliyotengeneza printa, tafuta kama wana draiva ya Windows 11. Fanya hivyo kabla, siyo siku ya kuchapisha barua ya kazi.

Nikiichukia naweza kurudi? Ndiyo, ndani ya siku 10 tangu upandishe. Settings, System, Recovery, Go back. Usifute folda la Windows.old kabla hujaridhika, ndo ndani yake ilipo Windows yako ya zamani.

Ni nzito, Windows 11 itaifanya iwe nyepesi? Hapana. Mara nyingi uzito unatokana na diski ya zamani inayozunguka. Kuweka SSD kunasaidia kuliko kubadili Windows. Laiti ningejua hilo 2023...

Nataka kununua ya mtumba? Soma namba ya prosesa kabla hujatoa hela. Maofisi ya nje yanabadilisha mashine zisizokubali Windows 11, na nyingine zinaishia huku kwetu. Ya kizazi cha 4 si mbaya, ila bei yake isiwe ya kizazi cha 8.

SISI TULIFANYAJE

Yetu ni i5-4590, kwa hiyo ilikataliwa mchana kweupe. Novemba 2025 nilimweleza mama njia zote. Tuliiandikisha kwenye mwaka wa nyongeza, na mpango wetu baada ya hapo ni Linux Mint. Nimeshamwashia kutoka kwenye flashi akafungua kitabu chake kwenye LibreOffice, jumla zikatoka sawasawa. Printa ndiyo bado inanisumbua kidogo.

Lakini kabla sijagusa chochote, nakala zilikuwa 3: moja kwenye flashi inayokaa kabatini, moja kwenye barua pepe, moja imechapishwa kwenye karatasi. Na ile ya flashi niliifungua kwenye kompyuta nyingine hapa kafe nione kama inasomeka kweli, maana nakala usiyoifungua huwezi kujua kama ni nakala.

Mama hakuuliza habari za Windows 11 wala TPM. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Sawa mwanangu, nioneshe hizo karatasi." Akazihesabu moja moja, akazifungia kwenye sanduku la kikoba pamoja na fedha. Baada ya hapo ndo akaniruhusu kushika kipanya.

Haya wadau, mwenye swali aandike hapo chini: taja namba ya prosesa, RAM, na maandishi ya kosa kama yalivyo kwenye kioo. Msiniandikie tu "mashine yangu haiwaki", siwezi kupiga ramli! Na mafundi mlioko humu, nikikosea nirekebisheni.

Nawasilisha.