Kabla ya Kufunga Duka, Fungua Stetimenti

Siku niliyoamua kuuza duka langu la nafaka hapa Noonkopir, Kitengela, nilikuwa nimemfokea mtoto wa miaka kama saba hivi. Alitumwa maharagwe nusu kilo, akaniuliza kama niko na yale ya njano. Ni hilo tu. Nilimfokea mpaka akakimbia bila maharagwe na bila chenji yake. Mama yake alipokuja kuichukua hakugombana. Alinitazama tu, akasema, "Mama Nafaka, kwani uko sawa?"

Sikuwa sawa. Nilikuwa nafungua duka saa kumi na mbili asubuhi na kufunga saa nne usiku, siku saba kwa wiki. Nikifika kitandani nafanya hesabu kichwani: mahindi ya Namanga sijamaliza kulipa, maharagwe ya Loitokitok yanaisha, kodi ya duka ni Ijumaa. Simu ikilia ujumbe, tumbo linakaza kabla sijasoma.

Nilikuwa nimetoka kiwandani kule EPZ, Athi River, nikidhani kujiajiri ni kupumzika. Kiwandani nilikuwa na msimamizi mmoja, na zamu ikiisha, imeisha. Dukani zamu haiishi.

Kama haya yanafanana na maisha yako, soma mpaka mwisho. Siandiki kukwambia uvumilie, na wala sikwambii ufunge. Nataka kukuonyesha kitu ambacho nilikiangalia nikiwa nimechelewa.

Uchovu wa kawaida na uchovu wa kazi

Uchovu wa kawaida ukilala unaisha. Huu mwingine unaamka nao. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani, WHO, liliueleza kuwa hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haujadhibitiwa, na likataja dalili 3: nguvu kukuishia, kuanza kuichukia kazi au kujitenga nayo kimawazo, na kuona kwamba unachofanya hakina matokeo tena.

Mimi nilikuwa nazo zote 3. Nilikuwa nalala juu ya magunia mchana. Nilikuwa nawaona wateja kama wasumbufu. Na hii ya tatu ndiyo ilinimaliza: kadiri nilivyoongeza saa za kazi, ndivyo pesa zilivyozidi kupotea.

Kama hali yako imefika mahali hulali kabisa, huli, au unawaza kujidhuru, usingoje hesabu za duka. Nenda hospitali iliyo karibu nawe, au piga 1199, laini ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Duka litangoja.

Mnunuzi aliyeuliza swali moja

Nilipata mtu wa kununua duka. Alikuja, akaangalia mizani, rafu na magunia, kisha akauliza, "Hili duka linakupa faida ya pesa ngapi kwa mwezi?"

Nikamwambia inategemea.

"Sawa. Nionyeshe vitabu."

Sikuwa na vitabu. Nilikuwa na daftari la madeni na simu. Akanipa bei ya mizani, rafu na mali iliyokuwa ndani siku hiyo, basi. Wateja wangu wote, na asubuhi zote za kuamka gizani, hazikuwa na bei kwa sababu sikuwa na karatasi hata moja ya kuzionyesha.

Dada yangu anayeishi Kajiado mjini ndiye alinizuia. "Usiuze kitu hujui thamani yake. Njoo huku uone mhasibu kwanza." Nikapanda matatu, nikapitia Isinya, nikiwa na simu yangu na hasira zangu.

Stetimenti ilisema nini

Mhasibu hakuniuliza PIN. Aliniambia nijitumie taarifa ya malipo ya miezi 12, ile wengi tunaita stetimenti, kisha tukaichapisha na kuketi nayo na kalamu za rangi. Hata pesa taslimu za dukani zilikuwamo, kwa sababu kila jioni nilikuwa naziweka kwa simu kupitia wakala.

Jumla ya pesa zilizoingia: shilingi 1,800,000. Nikafurahi. Akaniambia nisubiri.

Tulianza kupaka rangi. Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha watu 10, na kila mmoja hunitumia 3,000 kwa mwezi. Hizo ni 360,000 kwa mwaka, na si zangu. Mikopo ya simu niliyochukua: 100,000. Pesa ndugu yangu alizonitumia za karo ya mtoto: 80,000. Tukitoa hizo zote, mauzo halisi ya duka yalikuwa 1,260,000, yaani wastani wa 105,000 kwa mwezi.

Kutoka hizo 105,000, baada ya kulipia mali, nilikuwa nabaki na kama 18,900. Toa kodi ya duka 7,000. Toa umeme, usafiri na leseni ya kaunti, kama 3,400. Faida yangu ya kweli ni 8,500 kwa mwezi.

Sasa mimi nilikuwa natoa pesa ngapi kwa matumizi ya nyumbani? Tukajumlisha. Wastani ni 17,000.

Hapo ndipo nilinyamaza. Kila mwezi nilikuwa nakula 8,500 ambazo duka halikuwa nazo. Kwa mwaka ni 102,000. Karibu sawasawa na ile mikopo. Nilikuwa najiua na kazi ili nizibe shimo ambalo saa za kazi haziwezi kuziba.

Kuna kitu kingine stetimenti ilikuwa nacho: saa. Kila malipo yana saa yake. Tuliangalia malipo ya baada ya saa mbili usiku na yalikuwa machache mno. Zile saa mbili za mwisho, zilizokuwa zinaninyima usingizi na watoto wangu, hazikuwa zinalipa hata umeme vizuri.

Kijana wa saiba na ritani ya sufuri

Halafu tukafika kwa KRA. Nilikuwa na amani kabisa hapo. Kila Juni, kabla ya tarehe 30, kijana mmoja wa saiba alikuwa ananiwekea ritani kwa shilingi 300. Mhasibu alifungua akaunti yangu ya iTax nikiwa nimeketi hapo. Ritani zote 2 zilikuwa za sufuri. Kwa KRA, mimi sikuwa nimewahi kuuza hata gorogoro moja ya mahindi.

Kijana hakuniibia. Hakuniuliza kitu, na mimi sikumwambia kitu. Lakini jina kwenye ritani ni langu, na deni pia ni langu.

Mwaka wa kwanza mauzo yangu hayakufika milioni 1. Mwaka wa pili yalipita. Biashara ikiuza zaidi ya shilingi milioni 1 na isipite milioni 25 kwa mwaka, inaingia kwenye ushuru wa mauzo, TOT. Tangu Julai 2023 kiwango ni asilimia 3, na unalipwa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Unatozwa juu ya mauzo yote, si juu ya faida. Hesabu yangu ya mwaka ilikuwa 37,800, kisha faini na riba za kuchelewa.

Angalia vizuri hapo. Kama ningeenda na ile jumla ya 1,800,000, ningehesabiwa 54,000. Pesa za chama, mikopo na karo zingenigharimu 16,200 zaidi, kwa sababu tu zilipita njia moja na mauzo.

Mhasibu alinionyesha kitu kingine ambacho peke yangu singekijua. TOT ya 105,000 ni 3,150 kwa mwezi. Kwa faida ya 8,500, hiyo ni zaidi ya theluthi. Lakini sheria inamruhusu mfanyabiashara kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba hataki TOT, anataka kutozwa ushuru wa mapato juu ya faida. Huko, shilingi 24,000 za kwanza za mwezi hutozwa asilimia 10, na kuna nafuu ya 2,400 kwa mwezi. Asilimia 10 ya 8,500 ni 850, kwa hivyo nafuu inaifunika yote. Sharti ni kwamba lazima uonyeshe gharama zako, na tangu Januari 2024 gharama kwa kawaida zinahitaji ankara za eTIMS ndiyo zikubaliwe. Kwa mwenye faida kubwa, TOT inaweza kuwa afadhali. Ndiyo maana jibu la jirani yako haliwezi kuwa jibu lako. Na viwango hivi hubadilika Bunge likipitisha sheria mpya ya fedha, kwa hivyo uliza kila mwaka.

Deni la mwaka wa pili tulilikubali, tukarekebisha ritani, na nikaomba kulipa kidogo kidogo. Halikuwa jambo tamu. Lakini usiku huo nililala, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilijua ni pesa ngapi.

Ukichagua mhasibu, uliza haya

*Je, ni mwanachama wa ICPAK?* Hii ndiyo taasisi ya wahasibu wa Kenya, na inafanya kazi chini ya Sheria ya Wahasibu ya 2008. Kupita mitihani ya CPA ya KASNEB ni hatua nzuri, lakini uanachama ni jambo lingine. Omba namba yake ya uanachama na uithibitishe ICPAK kwenyewe. Kama atakuwakilisha mbele ya KRA, uliza pia kama amesajiliwa kuwa wakala wa ushuru.

*Je, amewahi kuhudumia biashara ndogo kama yako?* Anayehesabia viwanda anaweza kuwa hodari na bado asijue gorogoro ni nini.

*Anataka kuona nini?* Stetimenti, risiti na daftari ni sawa. PIN ya simu yako, hapana. Hata sisi wa huduma ya malipo hatutakuuliza PIN. Nywila ya iTax pia ni yako. Kuna njia ya kumteua wakala ndani ya mfumo bila kumpa nywila.

*Anatoza vipi?* Bei iwe ya kazi, na iandikwe. Akikwambia anachukua asilimia ya ushuru "atakaokuokolea", mshukuru, uende.

*Nani anatuma pesa za KRA?* Wewe. Akishaweka ritani utapata namba ya malipo, PRN. Lipa kutoka kwa simu yako ukitumia namba hiyo. Usitume pesa za ushuru kwa namba ya mtu binafsi, hata kama ni binamu yako.

*Utanipa nakala?* Kila ritani ina stakabadhi ya kupokelewa. Ifungue, uisome. Ukiona sufuri na wewe unauza kila siku, uliza papo hapo. Halafu weka karatasi zako miaka 5, ndivyo sheria inavyotaka.

Na si kila mtu anahitaji mhasibu wa kila mwezi. Mimi wangu namwona kila baada ya miezi 3. Kama mauzo yako hayafiki milioni 1 kwa mwaka, daftari safi na ziara moja kabla ya Juni vinaweza kutosha. Ukikwama, maofisa wa KRA huelekeza watu bila malipo.

Duka liko wapi sasa

Bado liko Noonkopir. Pesa za chama zina laini yake. Till ni ya mauzo peke yake. Kila Jumamosi najilipa 1,900, si zaidi, na karo tuliketi na mume wangu akaibeba. Kukopesha nimeacha, isipokuwa kwa wateja 5 ninaowajua nyumbani kwao. Nafunga saa mbili usiku, na Jumapili mchana sifungui.

Sijawa tajiri. Yule mnunuzi alipita juzi akauliza kama bado nauza. Nikamtolea kitabu, akakisoma amesimama, akaongeza bei karibu mara mbili. Nikamwambia nitafikiria. Ni vizuri kujua kwamba siku nikiuza, itakuwa kwa sababu nimetaka, si kwa sababu nimeshindwa kupumua.

Na yule mtoto wa maharagwe alirudi. Ya njano nilikuwa nayo.

Fanya hivi wiki hii

1. Jitumie stetimenti ya miezi 3 iliyopita. Itunze kama unavyotunza kitambulisho.
2. Weka alama kwa kila pesa ambayo si mauzo: chama, mkopo, zawadi, karo.
3. Jumlisha mauzo, toa gharama, kisha linganisha na pesa ulizotoa kwa matumizi ya nyumbani.
4. Angalia ni saa ngapi za siku ambazo hazikuletei kitu. Chagua moja, uifunge.
5. Fungua ritani yako ya mwisho uone imeandikwa nini.