Mzee wa masharubu aliyezaliwa Nanyuki

Hoteli ya Mount Kenya Safari Club, nje kidogo ya Nanyuki, imejengewa sifa na mambo mawili: mstari wa ikweta unaopita kwenye uwanja wake, na jina la William Holden, mwigizaji wa Hollywood aliyeianzisha mwaka 1959. Lipo la tatu ambalo wengi hawalijui. Septemba 1970 alifikia hapo Mmarekani wa miaka 66, Theodor Geisel, ambaye watoto wa kwao walimjua kwa jina la Dr. Seuss. Alikuwa amekwama. Alitaka kuwaandikia watoto juu ya uharibifu wa mazingira, lakini kila alichokisoma kuhusu mada hiyo kilikuwa kikavu na kimejaa takwimu. Mkewe, Audrey, ndiye aliyeshauri wasafiri hadi Kenya.

Siku moja, akiwa kando ya bwawa la kuogelea, aliona kundi la tembo likivuka mlima kwa mbali. Akachukua karatasi iliyokuwa karibu, ile ya kuorodheshea nguo za dobi, akaanza kuandika. Hadi jua linazama, karibu hadithi yote ya *The Lorax* ilikuwa tayari. Kitabu kilitoka mwaka uliofuata, 1971.

Kisa chenyewe ni kifupi. Ukimsomea mtoto kwa sauti, robo saa haiishi. Mtu aitwaye Once-ler anaingia kwenye msitu wa miti ya Truffula yenye vishungi laini kama hariri. Anakata mmoja, anafuma vazi lisiloeleweka ni la kazi gani, na ajabu yake linanunuliwa. Kutoka kwenye kisiki anachomoza Lorax, kiumbe mfupi wa rangi ya chungwa, masharubu kama ufagio, anayejitangaza kuwa msemaji wa miti. Anasema, anafoka, hasikilizwi. Mti wa mwisho unapoanguka, wanyama wamekwisha kuhama na moshi umefunika anga. Miaka mingi baadaye Once-ler, mzee aliyejificha ghorofani, anamsimulia mtoto mmoja yote hayo kisha anamdondoshea mbegu ya mwisho. Kitabu kinakoma mbegu ikiwa bado inaanguka.

Studio ya Illumination ilipoamua kuifanya hadithi hii filamu ya katuni ya familia nzima, ilibidi robo saa hiyo ivutwe hadi dakika 86. Filamu ilitoka Marekani tarehe 2 Machi 2012, siku ya kuzaliwa kwa Geisel, aliyefariki mwaka 1991. Iligharimu takriban dola milioni 70 na kuvuna karibu milioni 350. Kwa hesabu za biashara, hakuna wa kulalamika.

Nyongeza nyingine ni nzuri kwelikweli. Waandishi walibuni mji wa Thneedville, ambako kila mti ni wa plastiki na tajiri aitwaye O'Hare anawauzia watu hewa safi kwenye chupa. Sisi tunaonunua maji ya chupa huku mto umepita nyuma ya nyumba tunaielewa dhihaka hiyo bila kufafanuliwa. Yumo pia kijana Ted anayeutafuta mti halisi ili ampendeze msichana jirani, Audrey. Majina hayo mawili ni heshima kwa Geisel na mkewe. Danny DeVito, sauti ya Lorax, alimwigiza pia kwa Kihispania, Kiitalia, Kijerumani na Kirusi. Na msitu wenyewe, kabla haujaguswa, una rangi za kumfanya mtoto asogelee skrini.

Ila filamu imefanya jambo moja ambalo silisamehi: imempa Once-ler uso. Kitabuni hatumwoni, ila mikono yake ya kijani tu, inayokata, inayofuma, inayopokea fedha. Anaweza kuwa yeyote. Anaweza kuwa baba anayesoma. Kwenye filamu amekuwa kijana mrefu mwenye gitaa, mwenye haya, anayesukumwa na mama na ndugu wenye tamaa. Tunamhurumia. Ubaya uliosalia kabebeshwa O'Hare, mtu mfupi mwenye kiburi, ili tupate wa kuzomea. Kisha mji mzima unaimba wimbo mmoja, unageuka, mbegu inapandwa, na Lorax anarudi. Wakati huohuo, nje ya sinema, kampuni ya Mazda ilikuwa ikimtumia Lorax huyohuyo kwenye tangazo la gari lake jipya.

Kenya tunajua wimbo hautoshi. Januari 1999, mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alikwenda msitu wa Karura, Nairobi, kupanda miti mahali ambapo ardhi ya umma ilikuwa imegawiwa watu binafsi. Walinzi walimpiga hadi kichwa kikachuruzika damu, na damu hiyo ndiyo aliyoitumia kutia sahihi taarifa yake polisi.

Kuna sababu nyingine ya kutomwona Lorax kama mgeni. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Nathaniel Dominy wa chuo cha Dartmouth, alikosoma Geisel mwenyewe, walitoa hoja kwamba huenda Lorax alichorwa kwa mfano wa tumbili wekundu wa Laikipia, wale wenye masharubu meupe waitwao patas. Tumbili hao hutegemea sana utomvu wa mgunga mmoja wenye miiba iliyovimba, inayokaliwa na sisimizi na kupiga mluzi upepo unapovuma. Hoja hiyo ikikubaliwa, Lorax si mkorofi anayejipa cheo cha kuilinda miti. Ni mwenyeji anayetetea chakula chake. Leo mgunga huo unakatwa kwa mkaa, na ndugu wa tumbili hao walio kusini, Tanzania, wamebaki wachache sana magharibi mwa Serengeti.

Mwenye watoto nyumbani na awaonyeshe filamu ya 2012, watacheka. Lakini atafute pia katuni ya televisheni ya 1972, ambayo Geisel aliiandika mwenyewe. Ni ya nusu saa tu, michoro yake ni ya kizamani, na Once-ler wake hana uso. Humo Once-ler anamuuliza Lorax: nikifunga kiwanda, hawa wafanyakazi wote watakula wapi? Lorax, msemaji wa miti, anakiri kwamba hana jibu.