Fedha za Washington katika Kliniki za Wajawazito

Nchini Marekani, mjamzito wa kipato cha chini hulipiwa kliniki na pande mbili: jimbo analoishi na serikali ya shirikisho. Njia kuu ni Medicaid, bima ya umma iliyoanzishwa mwaka 1965, ambayo siku hizi hugharamia uzazi wa takriban watoto wanne katika kila kumi. Jimbo ndilo linaloendesha mpango na kumlipa daktari, mkunga au hospitali. Kila robo mwaka hupeleka Washington hesabu ya kilichotumika, na serikali ya shirikisho hubeba sehemu yake ya kila dola iliyotumika kihalali. Fedha hizo hazina kikomo: wajawazito wakiongezeka, mchango nao huongezeka.

Mtindo huu ni wa zamani kuliko Medicaid. Sheria ya Sheppard-Towner ya mwaka 1921 ilitoa fedha za afya ya wazazi na watoto wachanga, nyingi zikiwa na sharti kwamba jimbo nalo litoe chake. Massachusetts, Connecticut na Illinois zilikataa, na Massachusetts ikafika hadi Mahakama Kuu ya nchi, iliyoitupa kesi hiyo mwaka 1923. Mpango ulikoma mwaka 1929. Miaka sita baadaye ulifuata mfuko wa afya ya mama na mtoto chini ya Sheria ya Hifadhi ya Jamii, ambao hadi leo hulitaka jimbo litoe dola 3 kwa kila dola 4 za shirikisho. Mfuko huo, tofauti na Medicaid, una kiasi maalumu kwa mwaka.

Sehemu ya Washington katika Medicaid haifanani kila mahali. Wastani wa kipato cha wakazi wa jimbo hulinganishwa na wa nchi nzima, kisha uwiano huo huwekwa kipeo cha pili, hivyo pengo dogo la kipato huzaa pengo kubwa la mchango. Jimbo lenye kipato sawa na wastani wa nchi hupata asilimia 55. Kisheria hakuna jimbo linalopata chini ya 50 wala zaidi ya 83. California imekaa kwenye 50. Mississippi, katika miaka ya karibuni, imekuwa karibu na 77. Kliniki na uzazi vikigharimu dola 1,000, California hutoa 500 zake, Mississippi kama 230. Ndiyo maana kubana matumizi ya Medicaid ni akiba ya kinyumenyume hasa kwa majimbo maskini: Mississippi ikiokoa dola moja yake, inapoteza zaidi ya tatu za Washington.

Nani anastahili? Sheria ya mwaka 1989 iliyalazimu majimbo yote kuwahudumia wajawazito wenye kipato kisichozidi asilimia 133 ya kiwango cha umaskini, na mengi yamepanda juu zaidi kwa hiari. Mgogoro mkubwa uko kwa wahamiaji wasio na vibali. Medicaid huchangia uzazi wao kama huduma ya dharura, lakini si miezi ya kliniki inayoutangulia, ingawa kliniki ni nafuu kuliko kumlaza mtoto njiti.

Mlango ulifunguliwa kupitia CHIP, bima ya watoto ya mwaka 1997, ambayo hupunguza mzigo wa jimbo kwa asilimia 30. California, badala ya nusu, hubaki na asilimia 35. Mwaka 2002 Wizara ya Afya ya shirikisho ilibadili kanuni ili neno “mtoto” lianzie kutungwa mimba. Kwenye makaratasi, mgonjwa akawa mtoto aliye tumboni, na hadhi ya uhamiaji ya mama ikakosa uzito. California, iliyokuwa ikiwalipia wanawake hawa kwa fedha zake peke yake, ikaitumia kanuni hiyo kuchota mchango wa Washington.

Nebraska ilipita njia ndefu zaidi. Ilikuwa ikiwahudumia watoto wa tumboni kupitia Medicaid, mpaka Washington ikaiambia kuwa hairuhusiwi, na huduma zikakatika Machi 2010. Mwaka 2012 wapinzani wa utoaji mimba na watetezi wa wahamiaji walijikuta upande mmoja: bunge la jimbo likapitisha matumizi ya CHIP, Gavana Dave Heineman akaweka kura ya turufu, wabunge wakaibatilisha.

Tafsiri hiyo ya neno “mtoto” ina gharama zake. Huko Texas, tangu mwaka 2007, mama hulipiwa kliniki kila wiki nne hadi wiki ya 28, kisha kila baada ya wiki mbili au tatu hadi ya 36, halafu kila wiki, na mara mbili baada ya kujifungua. Akivunjika mguu, kwa kuwa mguu si wa mtoto, halipiwi kwa mpango huo.

Tangu mwaka 2022, majimbo yanaweza kuendelea kumhudumia mzazi wa Medicaid kwa miezi 12 baada ya kujifungua badala ya siku 60, na karibu yote yamekubali. Nyongeza hiyo haimfikii aliyeingia kwa jina la mtoto wake wa tumboni. Jimbo likitaka kumhudumia hutumia fedha zake lenyewe, au fungu la CHIP la miradi maalumu ya afya, ambalo pamoja na gharama za utawala haliruhusiwi kuvuka asilimia 10 ya matumizi ya mpango.